Mwaka Mmoja wa Kusubiri: Uuweke Kabla ya Shahada ya Sheria au Kabla ya Shule ya Sheria?

Agosti iliyopita kijana mmoja wa Nansio, kisiwani Ukerewe, alinipigia simu. Kidato cha sita amemaliza, pointi anazo, sheria anaitaka, lakini nyumbani wamemwambia atulie mwaka mmoja, biashara ya dagaa ya mjomba wake ikae sawa, ndipo aombe chuo. Wiki hiyohiyo binti wa Igoma, aliyehitimu shahada ya sheria pale Malimbe, akaja ofisini na swali la namna hiyo: aombe Shule ya Sheria mara tu vyeti vikitoka, au akae kwanza mwaka kwenye ofisi ya wakili? Kijana nilimwambia asisubiri. Binti nikamwambia asubiri. Kumbe wanafahamiana. Walipolinganisha majibu yangu, kijana akaninunia, akasema kaka ana ndimi mbili.

Ulimi ni mmoja. Ninachokiamini ni kwamba mwaka wa kusubiri hauna thamani moja popote unapouweka, na huku kwetu Kanda ya Ziwa wengi huuweka mahali ambapo hauwalipi chochote. Nasema hivyo nikiwa mmoja wao, na habari yangu nitaifikia. Kwanza niziweke njia hizo mbili sambamba, kila mtu apime ya kwake.

Majina yanachanganya, kwa hiyo tuyatenganishe. Shahada ya sheria husomwa chuo kikuu kwa miaka mitatu au minne kutegemea chuo. Hapa Mwanza kuna SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kule Malimbe. Chuo Kikuu Huria kina kituo hapa mjini. Walio tayari kusafiri wana Mzumbe, Dodoma, Iringa, na Dar es Salaam, ambako kitivo cha sheria ndicho kilichotangulia vingine vyote mwaka 1961. Udahili wa ngazi hii unasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Shule ya Sheria ya Tanzania ni mlango mwingine kabisa. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2007, ikaanza kufundisha 2008, ipo Barabara ya Sam Nujoma, Sinza, Dar es Salaam, na inampokea aliyekwisha kuwa na shahada ili afundishwe vitendo. Usipopita pale huapishwi kuwa wakili. Hata matangazo ya kazi ya Hakimu Mkazi au Wakili wa Serikali huitaja kama sharti.

Kwa hiyo mwaka wako wa kusubiri unaweza kukaa kwenye kizingiti cha mlango wa kwanza, au cha wa pili.

Kizingiti cha kwanza: kidato cha sita kwenda shahada

Hapa kalenda imebana kuliko wazazi wanavyodhani. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei. Haujapoa vizuri, majina ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria yanatoka, na vijana wanapangwa Rwamkoma kule Mara, Msange Tabora, Bulombora Kigoma, au mbali zaidi. Baraza la Mitihani, NECTA, kwa kawaida hutoa matokeo Julai. Muda huohuo TCU hufungua dirisha la kwanza la udahili, na Bodi ya Mikopo nayo ina dirisha lake. Mambo yote yanayoamua miaka minne ijayo yanapita wewe ukiwa kambini unapiga mchakamchaka, simu yako iko mbali nawe.

Ndiyo maana wazo la kutulia mwaka linaonekana la busara. Mtoto arudi, apumzike, nyaraka zikusanywe kwa utulivu, hela itafutwe, mwakani aombe kwa kujipanga. Nimelisikia kwa wazazi wa Buhongwa, wa Kisesa, wa Sengerema. Linasikika vizuri mpaka uulize mwaka huo utamletea mtoto nini mkononi.

Kwa aliyefaulu vizuri, haumletei kitu. Alama hazipandi kwa kukaa nyumbani. Mwakani ataomba kwa pointi zilezile, safari hii akishindana na kundi jipya lililotoka mtihanini juzi.

Upande wa mkopo mambo yana pande mbili. Miongozo ya Bodi ya miaka ya karibuni imekuwa ikimpokea mwombaji aliyehitimu ndani ya miaka mitano, kwa hiyo mwaka mmoja haukutoi nje. Lakini miongozo hiyohiyo inamtaka mwombaji asiwe na kipato cha ajira au mkataba rasmi. Sasa mfikirie kijana aliyesubiri ili atafute ada, akapata mkataba kwenye kiwanda cha samaki. Kwa kujituma kwake amejiwekea kizuizi cha mkopo. Na asipopata mkataba, akaishia kwenye vibarua vya mwalo wa Kirumba, atakula na kuvaa, atamtumia mama chochote, lakini ada ya chuo haitoki kwenye ndoo za dagaa unazobeba kwa siku. Siwadharau wabeba ndoo, nimebeba. Ninachosema ni kwamba hesabu ile haifiki.

Yupo lakini ambaye mwaka huu unamfaa: mwenye matokeo ya mstarini. Kiwango cha chini cha kuingia shahada ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi wenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Mwenye D mbili yuko palepale kwenye mstari, na kugusa mstari siyo kupata nafasi, kwa sababu chuo kinaweza kuweka vigezo vyake juu zaidi, na kozi yenye waombaji wengi huchukua wa juu kwanza. Huyo kurisiti, yaani kurudia mtihani, kunaweza kumbadilishia maisha. Tatizo ni kwamba usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufungwa mwaka unaotangulia mtihani, miezi mingi kabla ya Mei. Uamuzi wa kurisiti hufanywa matokeo yangali ya moto. Anayeanza kuuwaza Januari, baada ya kukosa chuo na kula sikukuu, ameshachelewa mtihani wa Mei hiyo. Mwaka mmoja umekuwa miwili bila yeye kutaka.

Kwa mtu wa namna hii napendelea afanye yote mawili. Aombe vyuo vinavyokubali alama zake, na ajisajili kurisiti. Akipata chuo anachokitaka, hela ya usajili wa mtihani imepotea, na hiyo ni hasara ndogo. Akikosa, hajapoteza mwaka.

Wenye stashahada wana lao dogo: namba ya uhakiki kutoka NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi na vyuo vya kati, inayojulikana kama AVN, lazima iwepo kabla ya kuomba, na wastani usiwe chini ya 3.0. Namba hiyo iombwe mapema, siyo siku ya mwisho ya dirisha.

Awamu ya kwanza au zinazofuata?

Ndani ya mwaka uleule kuna kusubiri kwingine, kudogo, ambako watu hawakuhesabu. TCU hufungua udahili kwa awamu. Wapo wanaoiacha ya kwanza kwa makusudi, wakiamini kwamba ya pili haina msongamano, au wakingoja kuona wenzao wamepata wapi.

Awamu ya kwanza ina nafasi zote mezani. Unaweza kuomba vyuo kadhaa kwa mpigo, kila kimoja na ada yake ya maombi, na ukichaguliwa zaidi ya kimoja unatumiwa namba ya siri ya kuthibitisha unakokwenda. Awamu ya pili ni ya nafasi zilizosalia na zilizoachwa. Mara nyingine mtu anaokota dodo chini ya mnazi, kweli, ila dodo hilo limeachwa na mtu aliyepata zaidi ya moja, na huwezi kupanga maisha kwa kutegemea kwamba ataliacha. Ya tatu ni ya kufungia.

Zaidi ya nafasi, kuna bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu. Bodi hupanga mikopo kwa makundi, na anayepangiwa ni yule ambaye udahili wake umekwisha kueleweka. Aliyethibitisha chuo mapema anaweza kuwa kwenye orodha za mwanzo. Aliyepata chuo awamu ya mwisho anaripoti huku bado anangoja jina lake, na kungoja bumu ukiwa umeshapanga chumba Nyegezi ni kitu nisichomwombea mtu.

Hapa ndipo habari yangu inapoingia. Mwaka wangu niliomba mapema, tena kabla sijaenda kambini nilipita steshenari moja, nikamwachia jamaa namba zangu za mtihani ili matokeo yakitoka anijazie. Alinijazia vizuri. Kwenye nafasi ya namba ya simu akaweka yake, kwa sababu yangu haikuwa hewani. Nikachaguliwa vyuo viwili. Namba ya kuthibitisha ikaenda kwake, na yeye wakati huo alikuwa anahudumia mamia ya watoto wa watu. Nilipotoka kambini, nikafunga safari mpaka pale, akanionyesha ujumbe ule kwenye simu yake kwa upole kabisa. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Nikakaa nyumbani mwaka mzima nikimsaidia shangazi kuuza nguo Mlango Mmoja. Ukiniuliza mwaka ule ulinifundisha nini kuhusu sheria, nitakwambia nilijifunza kukunja suruali.

Kwa hiyo anayekwenda kambini aache vitu vitatu mikononi mwa mtu mmoja wa nyumbani anayejua kusoma ujumbe wa simu: laini iliyosajiliwa na inayowaka, barua pepe na nywila yake, na bahasha ya nyaraka. Cheti cha kuzaliwa kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi, tangu Aprili, kabla ya foleni. Fomu ya mkopo inahitaji sahihi ya serikali ya mtaa na muhuri wa kamishna wa viapo. Hayo yote dada au baba anaweza kuyafuatilia kama karatasi zipo. Ukilifanya hilo, hoja kubwa ya kutulia mwaka, ile ya "mtoto yuko JKT", inakuwa imeyeyuka.

Kizingiti cha pili: shahada kwenda Shule ya Sheria

Huku mambo yanageuka, na tofauti ya kwanza ni ya kalenda. Udahili wa shahada ni wa mara moja kwa mwaka. Ukikosa awamu zote umekosa mwaka. Shule ya Sheria hupokea kwa makundi. Kuanzia 2008 hadi 2022 makundi yalikuwa yamefika 33, yaani zaidi ya mawili kwa mwaka. Kuliacha kundi moja lipite hakukutupi mwaka mzima nje. Unaweza kusubiri miezi sita, au kumi, kwa kiasi unachokihitaji. Kule kwenye shahada kusubiri kunauzwa kwa gunia. Huku unapimiwa kwa kilo.

Tofauti ya pili ni uzito wa kinachokusubiri ndani. Oktoba 2022 nchi nzima ilizungumza matokeo ya kundi lile la 33. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wenye sapu, yaani mitihani ya kurudia, 342. Waliokula disko, yaani kuondolewa masomoni, 265. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dkt. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Watu waligawana lawama: vyuo vinapika wanafunzi wabichi, shule inasahihisha kwa rungu, vijana hawasomi. Sitaingia humo. Ninachokichukua ni kwamba mlango ule haumpokei mtu kwa sababu tu ana shahada mkononi, na kwamba kuuendea haraka bila maandalizi ni kucheza na hela ya watu.

Maandalizi hayo ni yapi? Pale hawakuulizi tena historia ya sheria au nadharia za haki. Wanakupa mteja wa kubuni na matatizo yake, wanataka uandike hati ya madai, kiapo, maombi madogo, mkataba. Wanataka ujue ufungue shauri mahakama ipi, kwa muda gani, na kwa utaratibu upi. Mwenendo wa madai, mwenendo wa jinai, uandishi wa nyaraka, maadili ya uwakili. Mambo haya ukiyasoma kitabuni bila kuyaona, yanakaa kichwani kama maji kwenye tenga.

Mwaka mmoja kwenye ofisi ya wakili hapa Mwanza unayaweka mwilini. Asubuhi unatumwa masjala ya Mahakama Kuu, mchana Baraza la Ardhi na Nyumba, jioni unakaa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Mahakama kupandisha nyaraka. Kesi zetu zinajulikana: viwanja vya Buswelu na Buhongwa vilivyouzwa kwa watu wawili, mirathi ya mzee mwenye nyumba tatu na familia mbili, wavuvi waliokopeshana injini ya mtumbwi kwa maneno matupu. Wakili anakupa faili, anasema andika rasimu. Unaandika. Anaichora mistari myekundu mpaka unaona haya. Unaandika tena. Kusaini ni kazi yake yeye, wewe bado huna ruhusa. Lakini kufikia rasimu ya arobaini hati ya madai inatoka mkononi yenyewe. Siku 21 za mdaiwa kuwasilisha majibu ya maandishi chini ya Amri ya VIII ya Sheria ya Mwenendo wa Madai hutazikariri, maana umekwisha kumwona mteja akilia kwa kuzipitisha. Vivyo hivyo ukomo wa muda: miaka 6 kwa mkataba, miaka 12 kwa kudai ardhi. (Inachekesha kwamba tunasoma sheria ya ukomo wa muda, halafu ndio sisi tunaokosa madirisha ya maombi.)

Mimi sikupita njia hiyo. Kwa sababu nilikuwa nimepoteza mwaka kule mwanzoni, nilijiona nimechelewa, umri unakwenda, wenzangu wameshafika mbali. Nilipohitimu nikapanda basi la Dar es Salaam haraka kama mtu anayefukuzwa. Sapu niliyoipata ilikuwa ya uandishi wa nyaraka. Kosa langu. Jirani yangu darasani, aliyekuwa amekaa mwaka na nusu kwenye ofisi ya wakili huko kwao, alikuwa anaandika huku anapiga miayo.

Lugha nayo ina sehemu yake. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama kwa mujibu wa sheria yenyewe, na ukienda mahakamani utakisikia. Lakini masomo ya Shule ya Sheria na mitihani yake ni Kiingereza. Mtu aliyemaliza chuo akiwa bado anaogopa aya ndefu ya Kiingereza cha kisheria anauhitaji mwaka ule wa kusoma hukumu na kuandika rasimu kuliko anavyodhani.

Hasara za kusubiri hapa

Zipo, na si ndogo. Malipo ya msaidizi asiye wakili ni nauli na chakula, ukibahatika posho. Wazazi waliokusomesha miaka yote hiyo wanategemea kukuona na suti, wanakuona na bahasha za kahawia. Mabinti wanaulizwa maswali mengine ambayo vijana hawaulizwi, nanyi mnayajua. Nafasi za serikali zinazotaka aliyepita Shule ya Sheria zinatangazwa na kupita wewe ukiwa masjala. Na nadharia inasahaulika: ukikaa miaka mitatu mitaani, utarudi darasani ukiwa mwepesi wa kazi na mzito wa vifungu.

Kuna pia hesabu ya Bodi ya Mikopo. Marejesho ya mkopo wa shahada huanza kudaiwa miezi 24 baada ya kuhitimu. Weka mwaka mmoja wa ofisini, weka mwaka wa Shule ya Sheria, umefika hapohapo kwenye 24, na bado unangoja kuapishwa. Kwa sababu hiyo ninaposema usubiri huku, namaanisha miezi kumi au kumi na miwili. Anayesubiri miaka miwili anasubiri kwa gharama ambayo tayari ina tarehe.

Dar es Salaam yenyewe inataka akiba. Ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka stendi ya Nyegezi, na mwenye nyumba wa Sinza anataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Bodi siku hizi ina mwongozo wa mkopo kwa wanafunzi wa Shule ya Sheria pia, hivyo kalenda yake iangaliwe kabla ya kuchagua kundi la kuingia. Kuingia na kundi ambalo dirisha la mkopo limeshapita, wakati ungeweza kungoja kidogo ukaingia na jingine, ni kujitafutia njaa.

Nani basi asisubiri hapa? Aliyepata mafunzo ya maana kwenye ofisi ya wakili au mahakamani wakati wa likizo za chuo, siyo yale ya kugongewa muhuri. Mwenye mzazi au mwajiri aliye tayari kulipa sasa na asiyeaminika kuwa na hela hiyo mwakani; hela ya mtu mwingine ina msimu kama sato. Na yule anayejijua kwamba akishaonja kipato kidogo cha mtaani harudi tena darasani. Huyo apande basi kesho.

Mwaka uleule, mizani mbili

Ukiuchukua mwaka huohuo mmoja ukaupima kwenye vizingiti vyote viwili, kwa pesa tofauti ni kidogo: pote huingizi cha maana. Ila kule kwa kwanza unaweza hata kujiharibia mkopo kwa kupata kazi, wakati kwa pili kazi ndiyo maandalizi yenyewe. Kwa maarifa, wa kwanza ni sifuri isipokuwa unarisiti, na wa pili ni sawa na kuanza masomo kabla ya wenzako. Kwa kalenda, kukosea kwa kwanza kunakugharimu mwaka mzima, kukosea kwa pili kunaweza kuwa miezi. Kwa uvumilivu wa nyumbani, wa kwanza ni rahisi, mtoto bado ni mtoto. Wa pili ni mgumu, wewe sasa ni mtu mzima unayeomba nauli. Nadhani hapo ndipo kosa linapozaliwa. Tunasubiri pale ambapo nyumbani hawatusumbui, kisha tunakimbia pale ambapo subira ingetufaa, kwa sababu wameshaanza kutusumbua.

Chuo Kikuu Huria kinawapa watu wenye kazi njia ya katikati, kusoma bila kuacha mshahara. Kwa mtu wa miaka thelathini mwenye familia Pasiansi, maswali yote ya kusubiri kabla ya shahada yanaishia hapo. Kwa kijana wa miaka kumi na tisa sioni sababu ya kuanza nacho, ingawa wapo waliofanya hivyo wakafika.

Kijana wa Nansio aliomba awamu ya pili, ya kwanza ikiwa imeshampita tukibishana na mjomba. Cheti chake kilikuwa kimehakikiwa, na maombi ya mkopo alikuwa ameyatuma kimyakimya kabla ya kuniuliza; alitaka tu mtu mkubwa wa kusema naye. Alipata. Novemba akanitumia picha akiwa kwenye meli, begi la bati miguuni, bila maneno yoyote.

Binti wa Igoma yuko ofisini kwetu mwezi wa saba sasa. Juzi rasimu yake ya kiapo ilirudi na mstari mwekundu mmoja tu. Lakini posho ya mwezi uliopita imechelewa, nauli ya kutoka Igoma haichelewi, na kwa hiyo siku hizi aliyeninunia ni yeye.